Ndege iliyokuja kutupiga isipakwe rangi za bendera yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu mambo mawili yaliyosemwa kuhusu modeli ya ndege ya kudondosha mabomu inayojengwa katika karakana yetu ya useremala hapa Mikindani. Msumeno uliokata ubao wake wa kwanza ulikuwa mkononi mwangu, na waliosema, kwa kadiri nilivyofuatilia, hakuna hata mmoja aliyefika akaiona. La kwanza lilisemwa na msomaji mwenzangu katika ukurasa huu huu, kwamba mafundi wazee tumekaa kuwafundisha vijana kushabikia vita badala ya kuwafundisha kutengeneza madawati. La pili halikuandikwa popote. Nililetewa kwa simu na mtu wa taasisi moja iliyokuwa imeahidi kutulipia usafiri na bango tuipeleke modeli kwenye maonesho. Alisema ndege ni nzuri sana, ila tuipake rangi za bendera ya Tanzania ili watoto wajivunie. Nilikataa, na ahadi ikafia hapo hapo kwenye simu.

Nitaanza na la rangi, kwa kuwa ndilo lililoniudhi zaidi, lakini ili nieleweke inanibidi kwanza niseme ni ndege gani.

Ni Tupolev Tu-22. Iliundwa na Umoja wa Kisovieti. Ya kwanza ya majaribio iliruka mwaka 1958, na mwaka 1961 ulimwengu ukaonyeshwa ndege hizo katika gwaride la anga la Tushino, jirani na Moscow. Ina urefu wa mita 41 na nusu na kidogo, upana wa mita 23 na ushei kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, watu watatu ndani yake, na injini mbili ambazo hazikuwekwa chini ya mabawa kama tulivyozoea kuona bali zimebebeshwa mgongoni, kwenye kitako cha mkia, moja kila upande wa pezi. Iliweza kuipita kasi ya sauti. Zilijengwa mia tatu na kitu tu, na nje ya nchi yake ni mataifa mawili yaliyouziwa: Iraq na Libya.

Hapo kwenye Libya ndipo habari yetu ilipo. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao. Hayo hata mtoto wa darasa la saba anayajua. Yanayosahaulika ni ya mwishoni mwa Machi 1979, majeshi yetu yalipokuwa yanaikaribia Kampala. Kanali Gaddafi, ambaye alikuwa amekwisha kupeleka askari wake kumsaidia Amin, alimpa Mwalimu saa 24 ayaondoe majeshi yake Uganda. Mwalimu akakataa. Ndipo Tu-22 moja ya Libya ikatumwa kuipiga Mwanza, ikilenga hifadhi ya mafuta, na ikakosa shabaha: mzigo wake uliangukia Kisiwa cha Saanane, mahali pa wanyamapori waliohifadhiwa tangu miaka ya sitini, ukaua swala na ndege wa kisiwani. Siku chache baadaye ndege zetu nazo zikajibu ndani ya Uganda, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana ninayejifunza useremala hapa Mtwara, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mwanza, karakana nzima tukiwa na redio moja ambayo betri zake zilianikwa juani kila asubuhi ili zipate nguvu ya kutufikisha taarifa ya habari ya jioni. Hatukuiona ndege hiyo. Ila kwa maisha yangu yote hakuna ndege nyingine ya namna ile, kubwa, yenye kasi, iliyoundwa kwa kazi hiyo moja ya kubeba mabomu mbali, iliyowahi kutumwa juu ya mji wa Tanzania. Kwa hiyo nilipostaafu, na vijana wa karakana wakasema wanataka kujenga modeli kubwa ya ndege ya mabomu, mmoja akitaka Lancaster ya Waingereza yenye injini nne na mwingine akitaka B-52 ya Wamarekani yenye injini nane, niliwaambia kwamba hizo michoro yake imejaa duniani na watu wamezijenga hadi wamechoka. Sisi tunayo ya kwetu, kwa maana ya kwamba ilikuja kwetu.

Skeli tuliyochagua ni ya moja kwa kumi. Kila mita ya ndege ni sentimita kumi za modeli, hivyo kiwiliwili kinatoka mita 4 na sentimita 16, na mabawa mita 2 na sentimita 30 hivi. Naomba msomaji aliyetuandika asimame akapime sebule yake. Hiki si kidude cha kuweka juu ya televisheni.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la aibu, nami nalieleza kwa sababu fundi mwingine anaweza kuliepuka. Tulikuwa na mchoro wa ndege kutoka juu, kutoka ubavuni na kutoka mbele, tukaupeleka duka la steshenari ukachapwe vipande vipande kwa ukubwa wa modeli, kisha tukavigundisha vipande sakafuni na kuanza kukata mataruma, yaani mbavu za kiwiliwili. Tulikwisha kukata kumi na manne nilipomtuma kijana mmoja apime mchoro kwa futikamba toka pua hadi mkia. Akarudi akasema ni mita 4 na sentimita 3 na nusu. Nikamwambia akapime tena, na safari hii apime kwa akili. Akapima kwa akili, akapata ile ile. Mashine ya kuchapia, ili ibakize ukingo mweupe pembeni ya karatasi, ilikuwa imeupunguza kila ukurasa kwa asilimia tatu, na asilimia tatu ya mita nne ni sentimita 12 na nusu, ambazo kwenye ndege halisi ni zaidi ya mita moja ya chuma iliyopotea. Mataruma kumi na manne ya plaiwudi yamekuwa rafu za kuwekea makopo ya rangi. Siku hizi hakuna mchoro unaotoka kwangu kwenda kuchapwa bila kuchorewa mstari wa sentimita kumi kamili pembeni. Ukirudi, kitu cha kwanza kupimwa ni mstari huo, na kijana yule ndiye anayeupima.

Nimesema mataruma, na huenda msomaji wa bara akashangaa neno la mashua linatafuta nini kwenye ndege. Kiwiliwili hiki kimejengwa na mzee wa kuunda mashua, jirani yangu, ambaye mikono yake imepitisha vyombo vingi katika ghuba hii kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilipomfunulia mchoro hakuhitaji somo. Alisema huu ni mkuku, uti wa chombo, haya ni mataruma, fito hizi za kwenda urefu ndizo za kushikia ngozi, basi tofauti ni kwamba chombo hiki kimefungwa na juu pia. Tangu siku hiyo pua ya ndege karakanani inaitwa omo na mkia unaitwa tezi, na vijana wamezoea hata wanashangaa mgeni akisema vinginevyo.

Tulipishana naye mahali pamoja tu. Kiwiliwili cha Tu-22 kina kiuno: pale mabawa yanapoingia, kinabanwa kidogo, kisha kinatanuka tena kuelekea nyuma. Nilipokwenda Lindi kwa siku mbili kumwona mgonjwa nilirudi nikakuta mzee amekijaza kiuno chote kwa fito zilizonyooka, safi kabisa, zimepigwa randa, naye ameketi anakunywa kahawa kama mtu aliyesahihisha kosa la wenye mchoro. Kwake chombo chenye kiuno ni chombo kilichovunjika mbavu. Ilinibidi nimfinyangie ndege ndogo ya udongo, moja isiyo na kiuno, na kuikata slesi kama mkate toka omo hadi tezi, ili aone jinsi slesi zinavyoongezeka ghafla zinapofika penye mabawa. Mhandisi wa Marekani aitwaye Richard Whitcomb ndiye aliyelifumbua jambo hili mwanzoni mwa miaka ya hamsini: ndege inapoikaribia kasi ya sauti, hewa haibagui hili ni bawa na hiki ni kiwiliwili, inakutana na unene wote kwa jumla, na unene huo ukipanda kwa ghafla ndege inakutana na ukinzani mkubwa kama ukuta. Dawa yake ni kukipunguza kiwiliwili pale bawa linapoongezeka. Mzee alizitazama slesi zile kwa muda, akazipanga upya mwenyewe, kisha akachukua tindo na kung'oa kazi yake ya siku mbili bila kusema neno. Sijawahi kuona mtu akikubali hoja kwa heshima namna ile, na nimehudhuria mikutano mingi.

Ngozi ya ndege, Mhariri, inakuhusu wewe moja kwa moja. Tulihitaji bati la alumini jembamba, laini, lisilo na mawimbi, na mabati ya dukani yote ni mazito mno kwa skeli yetu. Jibu tulilipata kwa wauza vyuma chakavu: sahani za alumini zinazotumika kwenye mitambo ya kuchapia magazeti, ambazo zikishapiga toleo lake huuzwa kwa kilo. Unene wake ni kama theluthi moja ya milimita. Zinakatwa kwa mkasi, zinapinda kwa kidole, zinakaa kwenye taruma kana kwamba zilizaliwa pale. Upande wenye maandishi tuliugeuzia ndani. Kwa kuwa katika uchapaji wa aina hiyo maandishi kwenye sahani husomeka sawasawa wala hayajageuzwa kama kwenye kioo, ukiingiza tochi kwenye tundu la gurudumu la mbele na kuchungulia unasoma vichwa vya habari: bei ya korosho, matokeo ya ligi, tangazo la zabuni ambayo imekwisha kufungwa. Vijana wanapopumzika husomeana humo.

Kuhusu ripiti, vijana walitaka ziinuke kama kwenye bodi la basi, kwa maana ndivyo wanavyojua bati linavyofungwa. Ndege ya kasi hii vichwa vya ripiti vyake vimezamishwa vikalala sawasawa na bati, kwa sababu hewa haitaki vipele. Basi tulichukua kigurudumu cha meno kutoka kwenye saa ya ukutani iliyokufa, tukakitia ekseli ya msumari na mpini wa mti, tukakipitisha kandokando ya rula kwa mkono mwepesi, kikaacha mstari wa vitone vidogo ambao unauona tu ukisimama upande wa jua. Kazi hiyo peke yake ilichukua miezi miwili, na humo ndani ulikuwamo msimu wa korosho, ambao hapa kwetu si wa kumdai mtu yeyote chochote.

Mvua nazipita haraka: zilivimbisha plaiwudi ya bawa la kushoto mwezi wa Februari, tukalifumua, tukalijenga upya.

Nirudi kwenye vipimo, kwa kuwa ndipo watu wazima wanapoteleza. Mgeni akiambiwa modeli ni moja kwa kumi hudhani kila kitu kimegawanywa kwa kumi, na akiambiwa ndege yenyewe ikijazwa mafuta na mzigo inafika tani 92 hivi, huuliza mbona yetu haina tani tisa. Urefu ndio umegawanywa kwa kumi. Eneo la ngozi limegawanywa kwa mia, kwa maana lina urefu na upana, na ujazo umegawanywa kwa elfu, kwa maana una urefu, upana na kimo. Kwa hesabu hiyo ndege ya tani 92 ingetoka modeli ya kilo 92, na yetu, iliyo tupu ndani, ina kilo 58 kwa mizani ya wanunuzi wa korosho. Kijana aliyeshindwa kuielewa hesabu hii shuleni kwa miaka minne aliielewa siku tulipomtuma kununua rangi akanunua makopo mara kumi ya yaliyohitajika. Makopo hayo ndiyo yaliyo kwenye rafu niliyoitaja.

Ili mtazamaji apate kuushika ukubwa wa ndege halisi, tulimwomba mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, atuchongee mtu wa kusimama chini ya bawa. Mtu wa sentimita 170 kwa skeli yetu ni sentimita 17. Alituletea wa mpingo, wa sentimita 17 barabara, lakini kichwa chake kilikuwa sentimita nne na nusu. Nilimwambia kwamba kichwa cha mtu ni kama sehemu moja ya saba na nusu ya urefu wake, hivyo hiki kinapaswa kuwa sentimita mbili na robo. Akanijibu kwamba yeye hachongi urefu wa mtu, anachonga mtu. Tukaafikiana kwamba huyo wa kwanza atakaa ofisini kwangu, na wa pili, mwenye kichwa cha futikamba, ndiye atakayesimama chini ya bawa. Nakiri kwamba wa kwanza ndiye aliye hai.

Sasa msomaji aliyesema tunashabikisha vita. Ningependa afike Jumamosi moja, wanafunzi wanapokuja, asimame kando ya meza tulipoweka sehemu ya mbele ya ndege iliyo wazi. Ndani yake mna viti vitatu vya mti wa msufi: wa kuongoza njia yuko chini, rubani yuko juu yake, na wa tatu yuko nyuma ya rubani. Katika ndege za kivita tulizozoea kuzisikia, hatari ikitokea kiti humrusha mtu juu, naye hushuka kwa mwavuli. Katika Tu-22 viti hufyatuka kwenda chini. Tumeweka kamba ndogo pembeni. Mtoto akiivuta, kitasa kinaachia na kiti kinaporomoka kupitia tumboni mwa ndege hadi mezani. Kila kundi linalokuja, bila kuambiwa, hufika mtoto mmoja akavuta kamba, akakitazama kiti mezani, akanyanyua uso na kuuliza: je, kama ndege ilikuwa inapaa tu, iko chini? Mimi simjibu. Nashusha ndege hadi tumbo liguse meza, namwambia avute tena. Kwa nilivyosoma, ajali nyingi za ndege hizi zilitokea kwenye kupaa na kutua, kwani mabawa yake yaliyolazwa nyuma kwa ajili ya kasi yalizilazimisha zitue kwa mwendo mkubwa mno. Sijaona mtoto aliyeondoka kwenye meza ile akitamani kazi hiyo.

Na madawati tunatengeneza, tena zaidi ya zamani. Ni hayo tu kwa hilo.

Lakini aliyetaka rangi za bendera ndiye ninayemjibu kwa kirefu, kwa sababu nia yake ilikuwa njema. Alidhani ndege ni ndege, na kitu kikubwa kilichojengwa na vijana wa Mtwara kikitiwa kijani, njano, nyeusi na buluu kitawapa watoto fahari. Nilimweleza kuwa modeli ina ahadi moja tu kwa mtazamaji, nayo ni kwamba nilichokiona hapa kilikuwa hivyo kule. Nimewarudisha vijana kazini kwa sentimita 12 na nusu. Nimemfanya mzee wa mashua ang'oe fito za siku mbili kwa ajili ya kiuno kisichoonekana ukisimama mbali. Nimemkatalia mchongaji kichwa kilichokuwa kizuri kuliko nilichokipokea. Baada ya hayo yote nichukue ndege iliyotumwa kuichoma Mwanza niivalishe bendera ya nchi ya Mwanza, na mtoto wa miaka tisa aende nyumbani akamwambie bibi yake ameiona ndege yetu ya mabomu? Tanzania haikuwahi kuwa na Tu-22. Ndege zetu za vita za wakati ule nyingi zilitoka China, ni ndogo, na ziliruka kwa kazi nyingine. Anayezitaka azijenge, nitamwazima randa.

Rangi tutakazopaka ni hizi: mgongoni mchanga na kijani kwa mabaka, tumboni rangi hafifu ya mawingu, na alama ya Libya, duara la kijani tupu, kwa kuwa tangu mwaka 1977 bendera ya nchi hiyo ilikuwa kijani kitupu bila nembo wala maandishi. Hata hizo hatuzipaki kama zinavyotoka kwenye kopo. Kitu kikubwa kinachotazamwa kwa mbali hupoteza ukali wa rangi kwa sababu ya hewa iliyo katikati, na modeli inayotazamwa kwa hatua tatu ikipakwa rangi kali ya kweli huonekana nzito na ndogo, kama mwanasesere. Kwa hiyo kila rangi tunaichanganya na nyeupe kidogo. Ukweli wa modeli, kama unavyoona Mhariri, una mahesabu yake, lakini hakuna hesabu inayobadili duara la kijani kuwa bendera ya Tanzania.

Vijana wenyewe wameniuliza swali lililo bora kuliko yote niliyoyajibu hapa: mbona tunajenga ndege ya Mwanza, Kusini hakukuletwa kitu? Nusura kiletwe. Mnamo Novemba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi uliofuata mapigano makali ya Mahiwa huku Lindi, Wajerumani walirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, chombo cha angani cha Zeppelin, mfano wa puto refu la injini, kiitwacho L59, chenye urefu wa mita 226, kimesheheni risasi na dawa kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wao huku Afrika Mashariki, nacho kilikusudiwa kutua kwenye nyanda za juu za Makonde. Hakikupangiwa kurudi: kitambaa chake kingefumuliwa kikawa mahema na bandeji. Kilifika juu ya Sudani, kikaitwa kwa redio kigeuke, kikarudi Bulgaria baada ya saa 95 angani na zaidi ya kilomita 6,700 bila kutua. Mwaka uliofuata kikatumika kudondosha mabomu juu ya Naples. Nimeshapiga hesabu: kwa moja kwa kumi ni mita 22 na nusu na kidogo, karakana yetu ina mita kumi na moja. Kwa moja kwa hamsini kinaingia.

Ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwako, Mhariri: sahani zako za alumini zikishatumika, kabla hazijakwenda kwa wauza chakavu, tuuzie kwa bei hiyo hiyo ya kilo, maana injini ya kulia bado haina ngozi. La pili ni kwa wasomaji. Kama yupo aliyekuwa Mwanza mwisho wa Machi 1979, aliyesikia au kuona, aliyefanya kazi Saanane au aliyevuka kwa mtumbwi kwenda kuangalia baadaye, atuandikie kupitia gazeti hili kwa maneno yake mwenyewe, nasi tutayabandika ukutani jinsi yatakavyokuja, bila kuyapiga msasa. Ndege tutaiweka wazi kwa watu hapa hapa karakanani, kwa kuwa usafiri wa kuipeleka kwenye maonesho hatuna tena. Inafunguka vipande vitatu na kirikuu kimoja kinaibeba, lakini hata kirikuu kinataka mafuta.

Chini ya tumbo lake hatutaweka mabomu. Mchonga vinyago amekubali kutuchongea swala, safari hii kwa vipimo vyangu bila ubishi, na wa kwanza alimleta juzi amefungwa kwenye kanga: wa mti wa mwembe, kwa sababu mpingo ni mweusi mno kwa swala, ana sentimita tisa begani, amekunja miguu ya mbele na shingo imelala mchangani. Nilimpima toka pembe hadi kwato. Skeli yake haina kosa.

Wako,
Fundi seremala mstaafu,
Mikindani, Mtwara.